Flashi moja yaweza kuwasha mifumo mingi ya kompyuta

FUNDI wa kompyuta wa Tegeta au Mbagala anayebeba flashi nne, kila moja na mfumo endeshi wake, anaweza kubaki na moja tu. Hahitaji kununua programu. Amri chache za Linux zinatosha.

Haja hiyo imeongezeka tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft iliposimamisha huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta nyingi kuukuu hazikidhi masharti ya Windows 11, ila bado zinaweza kutumia Linux. Kwa flashi ya aina hii, mteja huonjeshwa mifumo kadhaa kabla ya chochote kubadilishwa ndani ya mashine yake, na fundi hatumii bando kupakua faili zilezile kila mara.

Wengi hutumia amri ya dd. Amri hiyo huandika faili moja la ISO juu ya flashi nzima na kufuta kilichokuwamo. Njia mbadala ni GRUB, programu ndogo inayoonyesha orodha ya mifumo kompyuta inapowashwa.

Hatua ya kwanza ndiyo yenye hatari: kuitambua flashi. Andika lsblk kabla na baada ya kuichomeka. Jina lililoongezeka, tuseme sdb, ndilo lake. Anayekosea herufi hiyo moja anaweza kufuta diski yenye picha na hesabu za mteja.

Pili, hifadhi kwingine vilivyomo, tenga sehemu moja kwa fdisk, kisha iandae:

sudo mkfs.vfat -F 32 /dev/sdb1

Tatu, ifungue kwenye /mnt na uweke GRUB:

sudo mount /dev/sdb1 /mnt
sudo grub-install --target=i386-pc --boot-directory=/mnt/boot /dev/sdb

Kwa kompyuta mpya zenye UEFI, ongeza:

sudo grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/mnt --boot-directory=/mnt/boot --removable

Nne, nakili faili za ISO, ukikumbuka kuwa FAT32 haipokei faili linalofikia GB 4. Zihakiki kwa sha256sum.

Tano, andika orodha katika /mnt/boot/grub/grub.cfg. Kila mfumo huanza na menuentry. Loopback hufungua ISO, nazo linux na initrd huonyesha faili za kuwashia. Ubuntu huelekezwa kwa iso-scan/filename=, Debian Live kwa findiso=. ISO ya Windows haiwaki kwa njia hii.

Mwisho, andika sudo umount /mnt kabla ya kuichomoa. Flashi inayochomolewa ghafla huweza kubaki na faili nusu.