Tambi na Nyama ya Kusaga Katika Sufuria Moja

Waswahili husema mvumilivu hula mbivu. Lakini uvumilivu huo hauwezi kutakiwa kwa mtoto wa miaka minne aliyekula uji tu tangu asubuhi, wala kwa askari atokaye lindo jioni naye atakiwa kurudi kazini kabla ya alfajiri. Katika nyumba nyingi za Kampala, iwe katika kambi za polisi za Naguru na Nsambya, katika kambi ya jeshi ya Mbuya, au katika vyumba vya kupanga vya Bwaise na Kamwokya, taabu ya jioni ni moja. Matoke yaliyofungwa katika majani ya mgomba huhitaji saa nzima au zaidi ili yaive barabara, na maharagwe makavu huhitaji hata saa mbili. Mama arudipo kutoka kazini jua likitua, aghalabu watoto hulala kabla sufuria haijaepuliwa, nao huamka na njaa ya jana.

Dawa ya taabu hiyo ni chakula cha sufuria moja, nacho si kigeni katika Uganda. Katogo, yaani matoke yaliyopikwa pamoja na matumbo, maharagwe au mchuzi wa karanga, ni mlo uliozoeleka tangu zamani, hasa wakati wa asubuhi. Vijana wa mjini nao wana kikomando, chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharagwe, ambayo jina lake latokana na neno komando. Yafaa basi kuongeza mlo wa tatu katika safu hiyo, nao ni tambi na nyama ya kusaga.

Mlo huu wajulikana sana na wakazi wa Kisenyi, mtaa wa Kampala wenye Wasomali wengi. Wao huziita tambi baasto, na mchuzi wake wa nyama na nyanya huuita suugo. Majina yote mawili yana asili ya Kiitalia, kwa kuwa Waitalia walitawala kusini mwa Somalia tangu mwishoni mwa karne ya 19 mpaka mwaka 1941, kisha wakarudi kama wadhamini kwa niaba ya Umoja wa Mataifa tangu 1950 hadi uhuru wa 1960. Wasomali waliutia mlo huo viungo vyao, na mara nyingi huula pamoja na ndizi mbivu pembeni. Wanajeshi wa Uganda, ambao walikuwa wa kwanza kupelekwa Mogadishu chini ya bendera ya Umoja wa Afrika mwezi Machi 2007, wamepata kukaa miaka mingi katika nchi ambamo baasto ni chakula cha kila siku.

Kuna faida nyingine, nayo ni makaa. Mwezi Mei 2023 Rais alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara katika sehemu za kaskazini, ambazo zilikuwa zikilisha masoko ya Kampala. Kwa jamaa inayonunua makaa kwa kopo, sigiri inayowaka kwa dakika 40 badala ya saa mbili ni akiba iliyo dhahiri mwisho wa mwezi.

MAHITAJI (watu watano au sita)

Nyama ya ng'ombe ya kusaga, nusu kilo, tambi au makaroni, gramu 400, vitunguu maji viwili, kitunguu saumu, punje tatu, nyanya mbivu nne, karoti moja, pilipili hoho moja, mafuta ya kupikia, vijiko viwili vya mezani, bizari ya pilau na giligilani zilizosagwa, nusu kijiko cha chai kila moja, manjano kidogo, chumvi, kijiko kimoja cha chai, maji ya moto, lita moja, yaani vikombe viwili vikubwa vya nusu lita, na fungu moja la dodo au mchicha wowote, uliooshwa na kukatwa.

NAMNA YA KUPIKA

Makaa yakianza kushika moto, birika la maji litangulie juu ya sigiri, na wakati huo vitunguu, nyanya na karoti vikatwe vidogo vidogo. Kwa njia hiyo hapana dakika inayopotea.

Maji yakichemka, birika lipishe sufuria pana na nzito. Mafuta yakipata moto, vitunguu maji vikaangwe mpaka vilainike, kisha vitiwe kitunguu saumu na viungo, na kukorogwa kwa muda wa nusu dakika tu ili visiungue. Nyama ifuate. Ivunjwevunjwe kwa mwiko mpaka isibaki na madonge wala wekundu, na maji yake yakauke. Hapo huchukua dakika nane hivi. Zitiwe nyanya, karoti, pilipili hoho na chumvi, zipikwe mpaka nyanya zipondeke kabisa na kuwa mchuzi.

Sasa tambi zivunjwe mara mbili, zitiwe ndani ya sufuria, na maji ya moto yamiminwe juu yake mpaka yazifunike. Sufuria ifunikwe, moto uwe wa kadiri, na kila baada ya dakika mbili au tatu mpishi akoroge mpaka chini, kwa maana tambi zikiachwa hugandana na kushika sufuria. Baada ya dakika kumi hadi kumi na mbili zitakuwa zimeiva. Zikikauka kabla ya kuiva, maji yaongezwe kidogo kidogo. Mwisho dodo litiwe, sufuria iepuliwe na kuachwa imefunikwa kwa dakika tano. Mchuzi utazidi kuwa mzito wenyewe.

Wapishi wengine huchemsha tambi peke yake na kumwaga maji yake. Katika njia hii maji hayo hayamwagwi, kwa sababu ndani yake mna wanga uliotoka katika tambi, na wanga huo ndio unaoshikamanisha mchuzi na nyama. Hivyo nusu kilo ya nyama huenea kwa watu sita bila mtu kulalamika.

Wenye bata mzinga, ambaye katika nyumba nyingi hungojea Krismasi, waweza kutumia nyama ya kifua chake iliyokatwakatwa kwa kisu kikali mpaka iwe laini. Nyama hiyo haina mafuta mengi, kwa hiyo yafaa kuongeza kijiko kimoja cha mafuta. Na mwisho wa mwezi, fedha zikiwa zimepungua, maharagwe yaliyochemshwa siku ya mapumziko hushika nafasi ya nyama vizuri kabisa.

HADHARI

Nyama ya kusaga huharibika upesi kuliko nyama ya kipande, kwa maana vijidudu vilivyokuwa juu yake huchanganywa ndani wakati wa kusagwa. Ni vema kuchagua kipande kwenye bucha, kisagwe mbele ya mnunuzi, na kupikwa siku ile ile. Isiliwe ikiwa bado ina wekundu. Chakula kilichobaki kisilazwe juu ya sigiri mpaka asubuhi. Asiye na friji afadhali apike cha kutosha tu.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Mvua inyeshapo jioni, wengine huingiza sigiri ndani ya chumba na kufunga mlango na dirisha. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Sigiri ipikiwe nje au barazani chini ya paa, na hata ikibaki na kaa moja jekundu isiingizwe chumbani kwa ajili ya kuota moto.

Mlo huu hauhitaji ufundi mkubwa. Konstebo kijana anayeishi peke yake kambini aweza kuupika, na baba aliyetangulia kufika nyumbani aweza kuuandaa mkewe akiwa bado zamu. Kwa yule atakayechelewa, sahani yake ipakuliwe mapema na kufunikwa. Akifika kabla ya saa mbili kupita, chakula kirudishwe motoni na maji kidogo mpaka kitoe mvuke, naye atakula chakula cha moto kama walivyokula wenzake, na watoto watakuwa wamekwisha lala wakiwa wameshiba.