Barly Baruti: Alipenda Vibonzo Visivyompenda

Umewahi kumpenda mtu ambaye kila mkikaa mbele za watu anakugeuza kichekesho? Unacheka na wenzako, unarudi nyumbani umenuna, kesho yake unampigia simu tena. Wengi tumepitia huko, tusidanganyane. Sasa mtoe huyo mtu kwenye picha, weka kitabu cha katuni.

Mwaka 1930, mchoraji wa Kibelgiji aliyejiita Hergé alianza kuchapisha, kwenye gazeti la watoto la mjini Brussels, safari ya Tintin kwenda Kongo. Hergé mwenyewe hakuwahi kufika Kongo. Waafrika wake ni midomo minene na macho ya duara, na wanaongea kama watoto wa chekechea. Kuna mahali gari la Tintin linagongana na gari moshi, na gari moshi ndilo linaloanguka! Halafu abiria wanafokewa waliinue, na mmoja wa wanaowafokea ni mbwa wa Tintin. Mbwa, jamani.

Cha ajabu ni kwamba Wakongo wengi wamekipenda kitabu hicho. Mafundi wa Kinshasa wamechonga vinyago vya Tintin miaka nenda rudi na kuwauzia wageni. Si kwamba tusi halikuonekana. Mwaka 2007 Mkongo mmoja aishiye Ubelgiji alikwenda mahakamani akitaka kitabu hicho kizuiwe kwa ubaguzi, na mwaka 2012 mahakama ya Brussels ikamkatalia. Mapenzi na hasira vimeishi nyumba moja, kama tunavyojua vinavyoweza kuishi.

Barly Baruti ni wa kizazi kilichokulia katika hali hiyo. Alizaliwa Kisangani mwaka 1959, na alipofika umri wa kusoma, Kongo ilikuwa imejaa vibonzo. Mwaka 1968 Kinshasa ilipata gazeti lake la katuni, Jeunes pour Jeunes, lenye wahusika wa mitaani wanaoongea kama watu wa mitaani. Kwa hiyo kijana wa wakati ule alikuwa na walimu wawili: Mbelgiji aliyechora kwa ustadi lakini akamchora vibaya, na kaka zake wa Kinshasa waliomchora alivyo.

Nieleze kidogo huo ustadi, maana bila kuuelewa utadhani watu walikuwa wajinga tu kupenda. Mtindo wa Hergé ni mstari mmoja safi wenye unene uleule kuzunguka kila kitu. Rangi ni tambarare, vivuli karibu hakuna. Uso wa shujaa una vitone viwili tu vya macho, ila magari, meli na mitaa ya vitabu vyake vya baadaye vimechorwa kama na fundi aliyeshika rula. Jicho lako halikwami popote, na ukifungua ukurasa wa kwanza unajikuta wa mwisho. Tena Hergé huyohuyo, alipochora China miaka ya 1930, alikaa na rafiki yake Mchina akamuuliza mambo yalivyo. Kumbe aliweza kuuliza!

Turudi Kisangani. Ukitazama ramani, ni mbali na Tabora kiasi cha kukatisha tamaa. Lakini acha ramani ya leo, fuata njia ya misafara. Unatoka Bagamoyo, unakatiza Ugogo, unafika Tabora, nchi ya Wanyamwezi, wapagazi waliosifika kuliko wote. Kutoka hapo ni Ujiji, unavuka Ziwa Tanganyika, unaingia Manyema, na mwisho kabisa ni maporomoko ya mto Kongo ilipo Kisangani. Mwaka 1887 Tippu Tip alifanywa gavana wa huko. Baba yake aliishi Tabora na alimwoa Karunde, binti wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe. Ndoa nayo ilikuwa sehemu ya biashara, msishangae. Misafara ile ilibeba pembe na watumwa, tusiipake sukari. Ilibeba pia Kiswahili, ndiyo maana hadi leo Kisangani utakisikia, pamoja na Kilingala.

Baruti alikwenda kufanya kazi Ulaya, akachora mifululizo miwili mikubwa, Eva K. na Mandrill, pamoja na mwandishi Mfaransa Frank Giroud. Soko gumu lile, na yeye akaliingia. Lakini kazi inayotuhusu sisi wa upande huu wa ziwa ni Madame Livingstone, iliyotoka mwaka 2014, akishirikiana na Christophe Cassiau-Haurie.

Hadithi inaanza mwaka 1915. Rubani wa Kibelgiji anafika Ziwa Tanganyika na kazi moja tu, kuizamisha Graf von Götzen, meli ya kivita ya Wajerumani. Anapewa mwenyeji wa kumwongoza: chotara anayevaa sketi ya Kiskoti, ambaye watu wamembandika jina la Madame Livingstone. Anadai ni mtoto wa David Livingstone mwenyewe. Kweli au uongo? Sisemi, katafute kitabu. Nitakwambia tu kwamba kadiri kurasa zinavyokwenda, rubani anapungua na mwongozaji anakua.

Huyo mwongozaji ni wa kubuni, lakini meli ni ya kweli. Ililetwa kwa vipande kutoka Ujerumani na kuunganishwa Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 isichukuliwe na adui. Waingereza waliiibua mwaka 1924, nasi tukaijua kwa jina la Liemba. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Kongo ya Wabelgiji liliingia Tabora. Kamanda wake, Tombeur, baadaye alipewa ubaroni wenye jina la Tabora ndani yake. Askari wengi na wapagazi wake walikuwa Wakongo. Wao hawakupewa ubaroni.

Hapo ndipo naona Baruti alipomjibu mwalimu wake. Mstari safi wa Hergé kauacha, yeye anachora kwa uhalisia. Kila Mwafrika kwenye kitabu hiki ana uso wake. Askari ana uchovu wake, mpagazi ana shingo iliyokaza chini ya mzigo. Kule kwa Hergé ungeweza kumhamisha mtu kutoka picha moja kwenda nyingine na usingejua. Huku huwezi.

Mtakuja kuniambia kwamba sisi tuna vyetu. Ni kweli, na ninajivunia. Chakubanga wa Christian Gregory alianza kuchekesha watu kwenye Uhuru miaka ya 1960, na Sani iliwalea wengi wetu, pamoja na Ndumilakuwili na vituko vyake. Gado alitoka Dar mwaka 1992 kwenda kuchorea Nation ya Nairobi na hakuna rais aliyesalimika. Lakini hao ni wa vichekesho na siasa ya siku. Hadithi ndefu ya historia, kitabu kizima, yenye ziwa letu na reli yetu, imechorwa na Mkongo.

Wewe na mwenzako mkifika Tabora, nendeni Kwihara, nje kidogo ya mji. Pale kuna tembe alilokaa Livingstone kuanzia Februari hadi Agosti 1872, akisubiri wapagazi. Alipita tena Unyanyembe mwaka uliofuata akiwa maiti, amebebwa na Chuma, Susi na wenzao waliompeleka mpaka Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Ukisimama pale na kitabu cha Baruti mkononi, yule chotara wa sketi haonekani kichekesho hata kidogo.

Shida ni kukisoma. Kimetoka kwa Kifaransa, na mwaka 2021 kikatafsiriwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Ujiji anayejua Kiswahili tu atabaki na picha: ziwa analiona dirishani kwao, meli babu yake aliipanda, lakini viputo vya maneno haviongei naye. Kuna mchapishaji yeyote anayenisoma? Kurasa zimeshachorwa, bado maneno tu.