Kalibu ya Upinde Haihitaji Mninga

Fundi anayeanza kutengeneza pinde za tabaka huchagua mti wa upinde kwa uangalifu mkubwa, na hapo hakosei. Kosa huja anapopeleka bidii hiyohiyo kwenye kalibu, akatoka duka la mbao na mninga au mvule begani huku mfuko umekauka. Kalibu haivutwi, haifungwi upote, wala hakuna atakayeiona ukutani. Kazi yake ni kubaki na umbo lilelile, leo na mwakani, wakati gundi inaganda. Kinachotafutwa ni mbao iliyotulia, na mbao iliyotulia si lazima iwe ya bei.

Upinde wa mti mmoja, kama wa Wahadza wa bonde la Ziwa Eyasi, hauna haja ya kalibu ya gundi, kwa sababu fundi huuchonga mti wenyewe. Upinde wa tabaka, ulioenea Marekani katikati ya karne iliyopita baada ya fibaglasi kuanza kubandikwa kwenye mbao, ni habari nyingine. Vipande vyembamba vya mbao au mwanzi hupakwa gundi ya epoksi, fibaglasi ikawekwa chini na juu, kisha mkusanyiko wote ukalazwa juu ya kalibu na kubanwa. Ukigandua siku ya pili, upinde una mkunjo wa kalibu pamoja na kila kasoro iliyokuwamo.

Kabla ya kwenda kununua, amua utabana kwa njia gani, maana hiyo ndiyo inayopanga bei. Njia ya karakana kubwa ni kalibu ya nusu mbili, ya chini na ya juu, na katikati yake mpira bapa wa zimamoto unaojazwa upepo. Piga hesabu: mpira wenye upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 150 unagusa sentimita za mraba 750. Ukiujaza upepo wa baa 4, kila sentimita ya mraba inasukumwa kwa karibu kilo 4, na jumla ni tani 3 zinazotaka kuzitenganisha zile nusu mbili. Mbao dhaifu itapasuka kwenye matundu ya bolti, na ikipasuka haitoi onyo. Njia ya pili ni nusu ya chini peke yake, ukibana kwa klampu au kwa tyubu kuukuu ya baiskeli iliyokatwa ukanda na kuzungushwa kwa nguvu kutoka kwenye mshiko hadi ncha. Mwenye karakana ndogo isiyo na kompresa aanze na njia ya pili. Inabana vya kutosha kwa epoksi, na inakuruhusu kutumia mbao ya kawaida kabisa.

Mbao ya kawaida kwa Tanzania ni paini, hasa ile ya Mufindi, lilipo shamba la miti la Sao Hill. Ubao mkavu wa mbili kwa nane, ulionyooka na wenye mafundo machache, unatosha kwa kalibu ya tyubu. Neno la kushikilia hapo ni «mkavu». Mbao nyingi za paini zinazouzwa kwa ajili ya paa zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa. Zinafika dukani zingali na maji, zinaendelea kujipinda zikiwa nyumbani kwako, na dawa inayotumika mara nyingi ina shaba, kromu na aseniki. Vumbi lake si la kuvuta puani. Omba ambayo haijatiwa dawa, na iache ndani ya nyumba wiki kadhaa kabla ya kuikata.

Hata paini kavu ina tabia yake. Mbao husinyaa kidogo sana kwa urefu, lakini kwa upana husinyaa sana. Kalibu nayo haina upana mmoja: mahali fulani ina sentimita 10, pengine 20. Unyevu ukishuka, sehemu pana hupoteza milimita nyingi kuliko sehemu nyembamba, na mkunjo uliouchora kwa makini unabadilika bila kuguswa. Jambo hili linazidi kwa wanaokausha gundi ndani ya kasha la joto, la nyuzi 70 au 80 za Selsiasi kwa saa kadhaa. Mafundo nayo hayasinyai kama mbao inayoyazunguka, kwa hiyo hubaki yamechomoza kwenye uso wa kalibu. Pitisha kidole utayasikia. Upinde nao utayasikia.

Ndiyo maana kwa kalibu ya mpira wa upepo na kasha la joto mimi nasimama upande wa plaiwudi. Tabaka zake zimepishana, moja inazuia nyingine isisinyae. Bango la futi 8 kwa 4 lenye unene wa milimita 18 likipasuliwa kwa urefu linatoa vipande vinne vya upana wa karibu futi moja. Vitatu vikibandikwa pamoja unapata unene wa milimita 54, unaotosha fibaglasi za kawaida za upinde, na cha nne kinabaki akiba. Nafuu zaidi ni mabaki ya marine board kwenye maeneo ya ujenzi, ile yenye uso mweusi inayotumika kumwagia zege. Yaliyochanika pembeni huuzwa kwa bei ya kutupa na ndani bado ni mazima. Kwangua ule uso mweusi kabla ya kupaka gundi, la sivyo haitashika.

Plaiwudi rahisi ina ugonjwa mmoja: mapengo ya ndani. Lisimamishe bango na umulike kingo zake zote kwa tochi, kisha ligonge kwa kifundo cha kidole. Penye pengo mlio hubadilika. Hata hivyo mengine utayagundua ukishakata mkunjo, yakitokea kama vijishimo virefu usoni. Jaza epoksi iliyochanganywa na unga laini wa msumeno, piga msasa, kisha bandika ukanda wa fomaika juu ya uso wote. Vipande vyenyewe usiviunganishe kwa gundi nyeupe pekee, kwa kuwa hulegea kwenye joto la kasha. Tumia epoksi, na upitishe bolti kutoka upande mmoja hadi wa pili.

MDF imenyooka, haina pengo, na inakatika vizuri mno. Udhaifu wake ni maji, uzito, na kupasuka katikati ya unene pale bolti inapovuta. Kwa kalibu ya tyubu ni sawa. Kwa kukunja mti kwa mvuke ni kosa, kwa kuwa itavimba siku hiyohiyo. Hapo rudi kwenye paini. Chipubodi iache kabisa, inamomonyoka kingoni. Mkaratusi nao ni rahisi na mgumu, ila una mkazo wa ndani unaoufanya ubao ujikunje mara tu msumeno unapopita. Mninga, kwa haki yake, umetulia kuliko paini na mkaratusi. Uweke kwenye mshiko wa upinde, ambapo mkono na jicho vitaufaidi.

Vyovyote utakavyochagua, uso wa kalibu uwe mraba kamili na ubavu wake. Pima kwa guniya kila baada ya sentimita 10, kwa sababu uso ukilala upande mikono ya upinde hutoka imejisokota na upote hautapita katikati. Kisha paka vanishi pande zote na matundu ya bolti, ili unyevu wa masika usiingie upande mmoja. Kabla ya kila upinde mpya vuta uzi kutoka ncha hadi ncha juu ya mstari wa kati. Ukiona umehama kwa milimita moja, rekebisha kwa randa kabla hujafungua kopo la gundi.