Damu Isiyokatika: Uzi Unaofunguka kwa Mkondo

Mama mmoja wa Tanga ametuandikia kuhusu binti yake wa kidato cha pili. Tangu avunje ungo, siku zake hazipungui nane, pedi hujaa kabla saa mbili hazijapita, na usiku hulala juu ya kitenge kilichokunjwa. Shangazi zake hawashtuki: ndivyo ukoo wao ulivyo, hata bibi alikuwa hivyo. Mama anauliza damu yote hiyo inatoka wapi.

Mimi ningeuliza kwa nini haikatiki. Kila hedhi, utando wa kizazi huporomoka na kuacha mishipa midogo ikiwa wazi, na bado wanawake wengi hupoteza mililita 30 hadi 40 tu kwa siku zote hizo. Watafiti waliweka mpaka kwenye mililita 80. Nyumbani hakuna anayepima, kwa hiyo daktari ataulizia pedi, mabonge na kizunguzungu.

Sababu ni nyingi. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi, FIGO, lilizipanga katika mafungu tisa mwaka 2011, kuanzia uvimbe na vinyama vya kizazi hadi kitanzi cha shaba. Kwa msichana aliyevunja ungo karibuni, mara nyingi ni mayai kutopevuka kwa mpangilio. Hayo yameandikwa sana, nayapita. Ninalolitaka ni lile neno la shangazi: ukoo.

Mwaka 1924, mtoto wa kike wa miaka mitano kutoka Föglö, katika visiwa vya Åland, alipelekwa Helsinki kwa daktari Erik von Willebrand. Kwao kulikuwa na ndugu waliokufa kwa kutokwa damu. Daktari alihesabu zile chembe ndogo zinazoziba mishipa iliyochanika, akakuta zimetimia. Wengi huziita chembe sahani, jina lisiloniingia kabisa, kwani linataja umbo na kusahau kazi. Hapa nitaziita chembe kizibo. Zilikuwapo, basi, na bado damu haikukatika. Mwaka 1926 von Willebrand aliandika habari za ukoo ule. Msichana yule alifariki akiwa na miaka 13, katika hedhi yake ya nne.

Kilichopungua kilijulikana baadaye sana: protini ndefu kama uzi, ambayo leo ina jina la daktari huyo. Hapo ndipo uhondo ulipo. Fikiria mshipi wa mvuvi wenye ndoana nyingi, umeviringwa hadi ndoana zote zimefichika ndani. Maji mafu yanapotulia, mshipi huelea vivyo hivyo na samaki hupita bila kudhurika. Sasa ncha yake inase kwenye mwamba, kisha bamvua lije na mkondo wake. Maji yanauvuta, unafunguka pingili kwa pingili, ndoana zinatokeza, na kadiri mkondo unavyokaza ndivyo samaki wanavyonaswa wengi. Mwamba ni ukuta wa mshipa uliochanika, samaki ni chembe kizibo, na mkondo ni damu yenyewe inayochuruzika. Nguvu ile ile inayoitoa damu nje ndiyo inayoutega mtego wa kuizuia! Mwili hata una kimeng'enya cha kuikata mishipi iliyozidi urefu, isije ikatega pasipo jeraha.

Palipo na mishipi michache, au yenye ndoana butu, chembe hupitiliza. Kwa mwanamume jambo hili laweza kujificha hadi siku ya kung'olewa jino. Mwanamke hupewa mtihani kila mwezi. Ndiyo maana hedhi nzito tangu ile ya kwanza, pamoja na kutokwa damu puani au kuvilia damu bila kugongwa, huelekeza huku. Hurithiwa kwa baba au mama, na miongoni mwa maradhi ya kurithi ya damu kutoganda hakuna linalolizidi kwa wingi.

Kwa hiyo mama, shangazi wamekupa ushahidi mzuri na hukumu mbaya. Mpeleke binti hospitali, waeleze habari za bibi, na omba apimwe wingi wa damu, akiba ya madini chuma na ugandaji wa damu. Muhimbili kuna kliniki ya hemofilia inayoyajua maradhi haya. Dawa zipo: asidi ya traneksamiki, iliyogunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe, hulizuia bonge lisiyeyushwe mapema, na dawa za homoni huupunguza utando wenyewe. Mkiwa mnasubiri majibu, tumbo likimuuma msimpe aspirini. Huzilemaza chembe kizibo hata hizo chache zilizonaswa.