Kati ya Wakanda na Momella: nani hupewa nafasi ya shujaa?



Jumamosi moja ya muhula uliopita tuliruhusiwa kutazama filamu baada ya chakula cha jioni. Projekta ikafungwa bwaloni, shuka nyeupe ikatundikwa ukutani, tukaangalia Black Panther. Wengi wetu tulikwisha kuiona tukiwa sekondari, kwenye vibanda umiza, ikiwa imetafsiriwa na DJ aliyeongeza maneno yake mengi kuliko ya waigizaji. Tulidhani tutacheka kidogo kisha tukalale. Badala yake ubishi uliendelea mpaka kengele ya ukimya mkuu, na kesho yake baada ya Misa ukaanza upya.

Wa kwanza walisema kwamba hii ndiyo filamu ya kwanza kubwa waliyoona mtu mweusi akiwa mfalme, mwanasayansi na jemadari kwa mpigo, bila mzungu wa kumwokoa. Wengine wakajibu kwamba hawa ni Wamarekani waliovaa nguo zetu. Walikuwepo pia waliocheka lafudhi tangu mwanzo hadi mwisho, na hao tutawarudia.

Tuweke kwanza mambo yanayojulikana. Black Panther ilitoka Februari 2018. Mwongozaji ni Ryan Coogler, Mmarekani mweusi, na karibu waigizaji wote wakuu ni weusi. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani kote, na mwaka uliofuata ikapata Oscar 3, mojawapo ya mavazi, aliyopewa Ruth Carter. Shujaa mwenyewe alibuniwa zamani, mwaka 1966, na Stan Lee na Jack Kirby, Wamarekani wawili weupe waliotunga vitabu vya katuni. Nchi yake, Wakanda, haimo katika ramani ya shule yoyote, lakini filamu inaiweka upande wetu huu wa Afrika Mashariki. Na ndugu zetu wa karibu wamo: Lupita Nyong'o wa Kenya, Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala, Daniel Kaluuya aliyezaliwa London na wazazi kutoka Uganda. Huko Kisumu, ambako baba yake Lupita, Profesa Anyang' Nyong'o, alikuwa gavana, filamu ilizinduliwa kwa shangwe.

Sikio la Mswahili linalisikia jina hilo kwa namna yake. Kwetu "Wakanda" ni watu. Nchi yao ingekuwa "Ukanda", na hapo tungeanza kuulizana ni ukanda upi, wa juu au wa pwani. Tena watu hao wa Afrika Mashariki wakiongea lugha yao ya nyumbani hawaongei Kiswahili, wala Kiluo, wala Kimaa. Wanaongea Kixhosa cha Afrika Kusini, kwa sababu John Kani, anayeigiza mfalme mzee, ndiye aliyekileta katika filamu iliyotangulia ya mwaka 2016. Mavazi nayo yamekusanywa bara zima: blanketi za Wabasotho, kofia ya malkia ya Wazulu, na wale wanawake walinzi wa mfalme, wenye vichwa vilivyonyolewa, wekundu wao na shanga zao vimetoka kwa sehemu kwa Wamaasai. Mtu wa Ngaramtoni au Monduli anaviona vitu hivyo kila siku ya mnada. Mwenzetu mmoja anayetoka Longido aliuliza swali ambalo hakuna aliyelijibu usiku ule: "Shuka ipo, shanga zipo. Mmaasai yuko wapi?"

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa huku tuliliona haraka. Wakanda ni tajiri kwa sababu ya madini yake, ambayo haipatikani nchi nyingine, na imeyaficha ili dunia isije kuyapora. Miezi miwili tu baada ya filamu kutoka, Aprili 2018, Rais Magufuli alizindua ukuta wa zaidi ya kilomita 24 kuzunguka machimbo ya tanzanaiti kule Mererani. Wakanda ilijificha kwa teknolojia, sisi tukatumia saruji. Kwa hiyo yule adui katika filamu, Killmonger, anapouliza kwa hasira kwa nini nchi tajiri ya Kiafrika iliwaacha ndugu zake waliouzwa utumwani wateseke peke yao, baadhi yetu tulijikuta tunasitasita. Mafundisho ya Kanisa kuhusu mali ya dunia kuwekwa kwa ajili ya watu wote tunayajua kwa mtihani. Kuyasikia kutoka kinywani mwa muuaji ni jambo jingine.

Turudi kwenye ubishi. Kwa nini filamu ileile imlize mtu mmoja na kumchosha mwingine, wote weusi?

Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Martinique, aligusia jambo hili mwaka 1952 katika kitabu chake cha kwanza. Anaeleza kwamba kijana mweusi wa visiwa vya Antili akitazama filamu ya Tarzan kwao, anajiweka upande wa Tarzan dhidi ya weusi wanaoonekana humo. Kijana huyohuyo akiitazama katika ukumbi wa Ulaya, anashindwa, kwa sababu weupe waliokaa naye wanamhesabu yeye kuwa mmoja wa wale "washenzi" wa kwenye shuka. Filamu haijabadilika hata kidogo. Waliobadilika ni waliokaa viti vya jirani.

Hapa ndipo tulipoanza kuelewana. Aristotle, katika kitabu chake cha ushairi, anasema watu hufurahia picha kwa sababu wanatambua: kumbe huyu ni fulani. Mweusi wa Marekani alikaa miaka mingi kwenye kumbi za sinema akimtafuta huyo fulani, na mara nyingi alimkuta akiwa mtumishi, jambazi, au mtu wa kwanza kufa. Njaa yake ilikuwa kubwa, na machozi yake mwaka 2018 hayakuwa ya kitoto. Sisi tumepokewa na wakunga weusi, tumebatizwa na mapadre weusi, tumefundishwa na kuhukumiwa na kutawaliwa na weusi. Mtu ambaye askofu wake na rais wake wana rangi yake hana sababu ya kushangaa kuona mfalme mweusi. Aliyesema "hii si yetu" hakuwa na kasumba, na aliyelia hakudanganywa.

Upande wa pili wa jambo hili unasikitisha zaidi. Idris Elba alipoigiza mlinzi wa miungu ya Kaskazini katika Thor, mwaka 2011, wapo weupe waliotaka filamu isusiwe. Mwaka 2023 Halle Bailey alipokuwa nguva, malalamiko yalikuwa yaleyale, kana kwamba nguva ana cheti cha kuzaliwa. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Fratelli Tutti ya mwaka 2020, anaufananisha ubaguzi wa rangi na kirusi ambacho hubadilika na kujificha badala ya kutoweka. Mtu anayeona aibu kusema "simtaki mweusi" atasema "nataka hadithi ibaki kama ilivyokuwa".

Na hadithi zilivyokuwa, sisi wa Meru tuna mfano wetu mlangoni. Ukitoka Usa River ukaingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ukapita Ngurdoto mpaka Momella, unafika mahali ilipopigwa Hatari! ya Howard Hawks. Kazi ilifanyika katika miezi ya mwisho ya ukoloni, na filamu ikatoka mwaka 1962, Tanganyika ikiwa tayari huru. John Wayne anaongoza kundi la wazungu wanaokamata wanyama kwa ajili ya bustani za ng'ambo. Mlima wetu upo, vumbi letu lipo, na mwishoni ndama watatu wa tembo wanakatiza mjini Arusha mpaka hotelini. Watu wetu nao wapo: wanashika kamba, wanabeba, na Waarusha wanacheza ngoma ya kumfanya dada wa Kizungu kuwa "Mama Tembo". Jina la filamu ni la Kiswahili, lakini wenye Kiswahili hawana kubwa la kusema. Mwigizaji Mjerumani Hardy Krüger aliipenda Momella hata akanunua shamba pale, na leo ipo loji yenye jina la filamu hiyo.

Mzee mmoja wa parokia jirani alituambia kwamba alipoitazama ujanani hakumshangilia John Wayne. Alimshangilia faru, kila alipoligonga gari. "Faru ndiye alikuwa wa kwetu," alisema. Fanon angempenda mzee huyu.

Sasa tuwarudie waliocheka lafudhi, maana ni sisi. Tulicheka Kiingereza cha Wakanda kwa sababu kilisikika kama cha watu wa kijijini. Lakini katika vichekesho vyetu vya Kibongo, Mmaasai anaonekana kwa kazi gani? Mlinzi wa getini, mwenye rungu, anayevuruga Kiswahili. Tumeyacheka hayo tangu utotoni hapa hapa Arusha, katika ardhi ambayo Wamaasai na Waarusha ndio wenyeji wake. Hollywood ilichukua shuka ikamwacha Mmaasai. Sisi tumemchukua Mmaasai tukamwacha na rungu tu.

Ukuta wa kanisa nao una maneno. Katika vigango vingi tunakokwenda utume kuna picha ya Mikaeli Malaika Mkuu: malaika mweupe, na chini ya mguu wake shetani mweusi. Tunajua kwamba giza la Maandiko si rangi ya ngozi. Mtoto wa Utoto Mtakatifu mwenye miaka sita hajui hivyo, na hakuna anayemweleza. Anaweza kukua akiwa amejifunza somo ambalo katekista hakulifundisha. Bakhita tunaye, Karoli Lwanga na wenzake walitangazwa watakatifu tangu 1964, na bado picha zao ni chache, mara nyingi zinatolewa kabatini Juni 3 na kurudishwa.

Neno alitwaa mwili, na mwili una mahali na una lafudhi. Nathanaeli alidharau Nazareti kabla ya kumwona Yesu. Uani kwa kuhani mkuu, Petro alijulikana kwa namna yake ya kusema, ya Kigalilaya. Tumeisoma Injili hiyo katika Juma Kuu bila kufikiri kwamba huenda Wagalilaya nao walichekwa kwa lafudhi yao mjini Yerusalemu.

Kila Desemba tunaandaa igizo la Noeli. Tulipohesabu kwa kumbukumbu tu, tuligundua kwamba Gabrieli amekuwa frateri wa maji ya kunde miaka yote tuliyokuwepo, na mwenzetu wa Longido amekuwa mchungaji kila mwaka, akiletewa shuka ambayo wala si yake. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Tulipokutana kugawa nafasi za mwaka huu, tulimwuliza, kwa mara ya kwanza, anataka kuwa nani. Tulitegemea aseme Gabrieli.

"Herode," akasema. "Nimesimama na fimbo miaka mitatu. Herode ana kiti."