Neno la Kiingereza "Solitude" na Mipaka ya "Upweke" katika Tafsiri

Kisawe ambacho mfasiri wa Kiswahili hukikimbilia anapokutana na neno la Kiingereza *solitude* ni *upweke*. Si kosa la kileksika, lakini *upweke* hubeba huzuni ambayo neno la Kiingereza halilazimiki kuibeba.

*Solitude* liliingia katika Kiingereza karne ya 14 kupitia Kifaransa cha Kale. Chimbuko lake ni nomino ya Kilatini *solitudo*, iliyonyambuliwa kutokana na kivumishi *solus*, yaani "peke yake". Kwa Warumi, *solitudo* lilitaja hali ya mtu na pia mahali pasipo na watu: jangwa, nyika. Maana hiyo ya mahali ilihamia katika Kiingereza, ingawa leo imefifia. *Lonely*, linalodhaniwa kuwa ndugu yake, lina nasaba nyingine kabisa. *Alone* ni muungano wa maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "mmoja kabisa". Silabi ya kwanza ilidondoshwa ikabaki *lone*, kisha kikaongezwa kiambishi tamati *-ly*. *Solitude* hutaja hali. *Lonely*, katika matumizi ya leo, aghalabu hutaja jeraha la hali hiyo.

Uzito wa tofauti hii huonekana katika shairi la William Wordsworth kuhusu maua ya daffodili, lililochapishwa mwaka 1807. Nafsineni huanza kwa kuzurura peke yake. Mwishoni, *solitude* ndiyo inayomletea furaha, maua yale yanapomrudia akilini. (Wordsworth mwenyewe alieleza kuwa mistari miwili yenye neno hilo ilitungwa na mkewe, Mary.) Mfasiri akiandika *upweke* hapo, msomaji hubaki akijiuliza furaha hiyo imetoka wapi.

Kiswahili hakikosi njia. *Ukiwa* unaikaribia *solitudo* ya nyika, kwani husemwa juu ya mahame kama unavyosemwa juu ya mtu aliyefiwa, ila majonzi yake ni mazito kuliko ya *upweke*. *Faragha*, neno la Kiarabu lenye mzizi wa utupu na nafasi, halina majonzi. Tatizo lake ni kwamba watu wawili wanaweza kukaa faragha, ilhali *solitude* kwa kawaida ni ya mmoja. Katika shairi la Wordsworth, basi, kirai "utulivu wa kuwa peke yake" kinafaa zaidi, japo kinaurefusha mstari kwa mizani kadhaa. *Upweke* ubaki pale matini yenyewe inapoomboleza.