Wiki Nane Benki: Kwa Nini Alikataa PIN za Wateja

Likizo ndefu ikifika, wanafunzi wengi wa vyuo vikuu huenda atachimenti. Tuliongea na mmoja wao, anayesomea biashara, aliyemaliza wiki nane kwenye tawi moja la benki.

Alitarajia kuhesabu noti. Lakini mwanafunzi wa atachimenti hapewi droo ya pesa. Kazi yake ilikuwa kuelekeza wateja, kupanga faili na kusaidia wenye simu kuunganisha akaunti zao.

Hapo ndipo alipoona jambo linalotuhusu sote. Kuna wazee waliokuwa wakimkabidhi simu na kumwambia, "Weka tu PIN, mwanangu, ni mwaka niliozaliwa." Alikuwa akirudisha simu na kuangalia kando hadi mwenyewe aandike. Wengine walikasirika: "Kwani wewe si wa benki?"

Siku nyingine baba mmoja alikuja akihema. Karo ya mtoto ilikuwa imeingia akaunti ya mtu mwingine. Namba ya Paybill ilikuwa sawa. Ni tarakimu moja tu ya akaunti iliyokosewa. Bahati nzuri hakuwa amefuta ujumbe, kwa hivyo tawi lilikuwa na pa kuanzia kufuatilia.

Kwa hivyo tunakuomba:

- Usimtajie mtu yeyote PIN, hata aliyevaa beji.
- Usitumie mwaka wa kuzaliwa kama PIN.
- Soma namba ya akaunti tena kabla ya kutuma.
- Hifadhi ujumbe wa kila muamala.

Yule mwanafunzi alikuwa mwaminifu. Je, atakayeshika simu yako kesho?